Mstari Alioruka Kasuku

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kasuku alikuwa na kazi tatu: kuchota maji bombani, kufagia chumba cha mbele, na kumpelekea mama chai kitandani. Hiyo ya tatu ilikuwa ngeni. Zamani mama hakupelekewa chai na mtu. Zamani jogoo wa jirani alipoanza kuwika alikuta cherehani imeshamtangulia, na watu wa mtaa ule walisema kwa mzaha kwamba hawahitaji kununua saa, wanaye fundi.

Sasa cherehani ilikuwa kimya. Kasuku alifagia chumba chote, akazunguka meza ya kukatia, akasogeza pasi ya mkaa na gunia la vipande vya nguo, lakini alipofika kwenye cherehani ufagio ulipita mbali. Chini ya sindano palikuwa na shati dogo jeupe la shule. Mkono mmoja ulikuwa umeshashonwa, wa pili umefika nusu, na sindano ilikuwa imezama kwenye kitambaa palepale mama alipoiacha alipoinuka mbio. Hakuna mtu aliyethubutu kuiinua.

Shati lilikuwa la mdogo wake, mtoto wa miaka saba. Waliuzoea mchezo wake wa kuokota vifungo chini ya meza ya kukatia na kuvijaza mfukoni, kimoja akawahi hata kukimeza, ndiyo maana wakamwita Kifungo. Homa ilimkamata, akapelekwa hospitali, na hakurudi akiwa hai. Watu walikuja, wakalia, wakarudisha viti vya kuazima, wakaenda zao. Baba alikuwa fundi mwashi. Aliondoka mapema, akarudi jioni na saruji kwenye nywele, akala akiitazama sahani. Bibi, mama yake mama, ambaye macho yake yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho, alibaki kwenye mkeka wake chumba cha mbele akishindilia vipande vya nguo ndani ya foronya ili ziwe mito ya kuuza. Kazi hiyo aliifanya kwa kupapasa tu. Na mama alibaki kitandani, uso ukutani.

Sasa tuseme kwa nini huyu binti wa miaka kumi na miwili aliitwa Kasuku. Jina alilipata kanisani, na alilipenda. Watoto wa darasa la Jumapili walikuwa na mashindano ya kukariri Biblia. Mtoto husimama mbele, mwamuzi hukaa na kengele ndogo mezani, na neno moja likiruka tu, kengele hulia: kaa chini, wewe basi. Kasuku hakuwahi kupigiwa kengele. Alijua kila mstari unakaa wapi, kama mtu ajuavyo milango ya majirani zake. Ukimuuliza mstari unasema nini, alikujibu kabla hujafunga mdomo. Ukimuuliza unamwambia nini yeye, alikutazama kama umemuuliza bei ya mwezi.

"Swali hilo halimo kwenye mashindano," alijibu.

Lipo jambo ambalo Kasuku hakumwambia mtu. Alasiri ile ya mwisho hospitalini, mama alipotoka kuzungumza na daktari, Kasuku aliachwa peke yake na mdogo wake. Kifungo alikuwa amelala, midomo imekauka, macho nusu wazi.

"Dada, sema ile ya mchungaji," aliomba.

Kasuku akaisema. Zaburi hiyo aliijua tangu hajaota meno ya utu uzima. Lakini alikuwa amechoka, na akili yake ilikuwa kwenye ile chupa ya maji iliyoning'inia, akiyatazama matone. Alipofika mwisho akatambua kwamba ameruka mstari mzima. Kifungo naye alitambua.

"Umeruka pale pa meza," alisema, akacheka kidogo.

Kasuku alitaka kurudia, lakini muuguzi aliingia akamwambia atoke. Asubuhi yake Kifungo hakuwepo tena duniani. Na tangu saa ile Kasuku alikuwa akiisikia kengele. Aliisikia akichota maji, akiandika hesabu, akila. Aliamini kwamba maneno ya Mungu yangemponya mdogo wake kama yangesemwa yote bila kosa, na yeye, bingwa wa kanisa zima, aliruka mstari.

Kwa hiyo mama alipokataa kuinuka, Kasuku aliapa kwamba safari hii hatakosea. Daktari huandika dawa: moja, kutwa mara tatu. Naye akaanza kumpa mama mistari kutwa mara tatu. Alisimama mlangoni, mikono nyuma, kifua mbele, akatoa ule wa kufurahi siku zote, ule wa kushukuru kwa kila jambo, ule unaosema kwamba mambo yote mwishowe huleta mema. Hakuna neno lililoanguka.

"Umesikia, mama?"

"Nimesikia, mwanangu."

"Sasa utaamka?"

Chai ilipoa, ikafanya utando juu.

Siku zikaenda, na wateja wakaanza kuja kuchukua vitambaa vyao. Aliyetangulia alikuwa mama muuza mkaa, mwanamke mwenye moyo mzuri na sauti ya kuita meli. Siku hiyo hata sauti yake aliipunguza.

"Mwanangu, nipe kile kitambaa changu cha maua. Ningemsubiri mama yako, haki ya Mungu ningemsubiri, lakini shughuli yangu ni Jumamosi."

"Ataamka kesho, shangazi. Subiri kidogo."

"Uliniambia hivyo juma lililopita." Alimshika Kasuku shavuni kwa mkono wake mweusi wa mkaa, akachukua kitambaa, akatoka.

Baada yake wakaja wengine. Rafu iliyokuwa imejaa vitambaa ikabaki na vumbi na sindano mbili zenye kutu. Kasuku aliitazama rafu ile, na hofu ikamshika. Alijua nyumba yao inasimama kwa miguu miwili, kazi ya baba na cherehani ya mama, na mguu mmoja ulikuwa umeshakatika. Lakini kilichomtisha zaidi ni kwamba mama naye alikuwa anaondoka, kidogo kidogo, akiwa bado anapumua.

Jioni hiyo akaongeza dozi. Alisimama mlangoni akatoa mistari mitano mfululizo, mbio mbio, sauti juu. Alipoanza wa sita, mama akageuka kutoka ukutani. Uso wake ulikuwa umevimba.

"Nyamaza," mama alisema. Hakupaza sauti. "Nakuomba, mwanangu, nyamaza. Kila ukifungua kinywa unanipiga."

Kasuku alifunga mdomo. Katika miaka yake yote mama hakuwahi kumwambia neno kama hilo. Akarudi chumba cha mbele, akaitwaa Biblia ya bibi, ile yenye jalada la kitambaa ambalo mama mwenyewe alilishona, akaisukuma hadi chini kabisa ya gunia la vipande. Kesho yake bibi alipomwomba amsomee kidogo kama kawaida, alijibu bila kumtazama.

"Siioni, Bibi. Sijui imewekwa wapi."

"Haya," bibi alisema.

Shuleni mambo hayakuwa afadhali. Rafiki yake wa dawati moja, msichana mwenye ulimi mkali waliyemwita Pilipili, alimfuata wakati wa mapumziko.

"Mwalimu wa Jumapili anauliza kama mwaka huu utasimama."

"Sisimami."

"Wewe? Kasuku asiyesema si kuku tu huyo?"

Siku nyingine wangecheka wote wawili. Kasuku aliendelea kuchora mistari kwenye vumbi kwa kidole cha mguu.

"Basi mimi ni kuku," alisema. "Na kuku angalau hutaga."

Pilipili aliona kwamba mzaha umeangukia kwenye kidonda. Akakaa karibu naye mpaka kengele ya darasa ilipolia. Kasuku alishtuka kama amechomwa mwiba.

Jumamosi mchana, Kasuku alikuwa anakunja nguo zilizokauka, na bibi yuko mkekani na foronya mapajani. Mkono wa bibi uliingia kwenye gunia, ukatoa kipande, ukaingia tena, ukatoa kingine. Kisha ukaingia mpaka kwapani na kusimama.

"Vipande vya mama yako siku hizi vimekuwa vigumu," bibi alisema.

Akavuta. Ikatoka Biblia, na uzi mwekundu umening'inia kwenye jalada. Bibi aliifuta kwa kiganja, akaiweka mapajani. Kasuku alibaki na shuka mikononi.

"Nilikudanganya, Bibi," alisema mwishowe. "Mimi ndiye niliyeificha."

"Hilo nimeshaliona. Macho yangu yamekufa, mkono haujafa."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe. Sasa njoo ukae hapa. Uongo umetoka, toa na kile kilichouzaa."

Kasuku aliketi. Mwanzoni maneno hayakuja, yeye ambaye maneno yalikuwa watumwa wake. Kisha yakaja yote kwa fujo: hospitali, matone ya maji, zaburi ya mchungaji, mstari ulioruka, kengele.

"Mimi ndiye niliyemuua Kifungo," alimaliza.

Bibi aliisogeza foronya kando.

"Nani alikwambia kwamba Mungu ana kengele mezani?" bibi aliuliza.

"Kwenye mashindano..."

"Mashindano ni ya watu. Mungu hakai akikusubiri uteleze ili amchukue mtoto. Mungu wa namna hiyo mimi nisingempigia magoti hata siku moja."

"Basi kwa nini alikufa?"

"Sijui." Bibi alisema neno hilo wazi, bila haya. "Nimezika watoto wangu wawili na sijui. Atakayekwambia anajua, mwangalie vizuri mara mbili. Hebu niambie, mdogo wako alisema nini ulipomaliza?"

"Alisema nimeruka pale pa meza. Halafu akacheka."

"Unajua kwa nini alipapenda pale pa meza?"

Kasuku alitikisa kichwa, kisha akakumbuka kwamba bibi haoni. "Sijui."

"Aliniambia mwenyewe. Alidhani meza anayoandaliwa na Mungu ni kama hii ya mama yake, na chini yake kumejaa vifungo, na hakuna wa kumfukuza." Bibi alipapasa jalada la Biblia. "Wewe uliijua zaburi ile tangu zamani. Ilikwambia nini?"

Kasuku alifikiri. Alitafuta ndani yake kote, kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka, na hakupata kitu. Akaona aibu, na nyuma ya aibu akaona huzuni kubwa kuliko zote, kwamba mdogo wake asiyejua kusoma vizuri alikuwa amekaa ndani ya maneno yale, na yeye bingwa alikuwa anapita nje akikimbia.

"Nisomee," bibi alisema, akampa Biblia. "Usikariri. Nisomee usichokijua."

"Wapi?"

"Pale ambapo mwalimu wenu wa Jumapili hapiti."

Kasuku alifungua Zaburi. Akapita kurasa zilizochakaa kwa vidole, akafika kwenye ukurasa uliokuwa safi, haujapigiwa mstari hata mmoja. Akaanza kusoma, taratibu, kwa sababu hakujua neno lipi linafuata. Alikuwepo humo mtu anayemlilia Mungu mchana na usiku na hajibiwi. Mtu huyo alisema amechoshwa na mateso, amekuwa kama maiti waliosahauliwa, marafiki wamemkimbia, na Mungu mwenyewe amemficha uso. Kasuku alisubiri ile sehemu ambapo mtu yule angefurahi, maana zaburi alizozijua zote zilifika huko. Haikuja. Maneno yaliishia gizani. Alifunua ukurasa akidhani mengine yako upande wa pili, akakuta ni zaburi nyingine.

Hapo machozi yakamtoka. Tangu Kifungo azikwe hakuwa amelia. Alikuwa na kazi ya kukariri. Alilia na Biblia mapajani, na bibi hakumwambia anyamaze.

"Ndivyo inavyoisha?"

Mama alikuwa amesimama mlangoni, shuka mabegani, ameshika fremu ya mlango. Tangu lini alikuwa pale, hawakujua.

"Ndivyo, mama. Nimefunua. Hakuna kingine."

"Hakuna mahali anapoambiwa ajikaze?"

"Hakuna."

"Soma tena. Taratibu."

Kasuku akasoma tena. Mama aliteleza na mlango polepole mpaka akakaa sakafuni.

"Kumbe humo nako mna mtu kama mimi," alisema. Kisha akalia kwa sauti, kilio kilichokuwa kimefungiwa ukutani siku zote zile. Walimwacha alie.

Alipopata pumzi alianza kusema, akiitazama cherehani. "Aliniambia Jumatatu kichwa kinamuuma. Nikamwambia, lala kidogo, mama amalize sketi za watu. Jumanne mwili ukawa moto, nikasema homa tu, itapita. Homa ya mwanangu nikaiweka foleni nyuma ya sketi. Kila uliponiambia nifurahi, mwanangu, mimi nilisikia: furahi, umemuua."

Kasuku alimtambaia mama pale sakafuni, akamshika miguu. "Na mimi nilidhani ni mimi, mama."

"Nimekusikia. Umebeba jiwe hilo peke yako, na mimi nimelala nimekupa mgongo." Mama alimvuta kifuani. "Daktari aliniambia alasiri ile ile, ulipokuwa naye, kwamba tumechelewa. Hakuna neno lako lililomuua mdogo wako. Umesikia?"

"Nimesikia."

Bibi alizungumza kutoka mkekani. "Binti yangu, ulichelewa, sitakuficha. Homa ya mtoto haingojeshwi, na wote tuliomo humu ndani tujue hivyo mpaka tunakufa. Lakini kukosea si kuua. Nawe ulikuwa unatafuta chakula chake."

Msidhani mama alipona siku ile. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na hauondoki kwa zaburi moja. Kesho yake alilala tena uso ukutani, na keshokutwa pia. Lakini Kasuku hakusimama mlangoni tena. Aliketi ukingoni mwa kitanda, na kabla ya kufungua kitabu aliuliza, "Leo nisome, au tukae tu?" Siku nyingine mama alisema asome. Siku nyingine alisema wakae tu, wakakaa. Baba naye jioni alianza kuvuta kigoda mlangoni na kusikiliza, kofia mkononi.

Alasiri moja Kasuku alirudi kutoka shule akamkuta mama ameketi mbele ya cherehani. Hakuwa anashona. Alikuwa ameweka kidole kwenye lile shati dogo. Bibi alikuwa mkekani na foronya yake. Kasuku aliona kwamba si wakati wa kusema, akakaa kwenye mkeka karibu na bibi.

"Mteja akiingia humu, mama yako huanza na nini?" bibi alimuuliza kwa sauti ndogo.

"Huchukua vipimo."

"Hakati kwanza?"

"Akikata kwanza atamkatia nani? Hajui hata mtu ana ukubwa gani."

"Ndiyo hivyo. Sasa wewe, mjukuu wangu, ulikuwa unaingia kwenye Neno la Mungu na mkasi mkononi. Unakata kipande kinachong'aa, unamvisha mama yako, kimbane kisimbane. Siku zote ukiingia humo, ingia mikono mitupu kama alivyoingia mdogo wako. Kaa usikilize. Hata kama linalia, hata kama linakwambia usichokipenda. Liache likupime wewe kwanza. Kukariri ni kuzuri, sikukatazi, lakini moyo uliofungwa unaweza kubeba Biblia nzima usinywe hata tone."

"Nimeelewa, Bibi."

"Hujaelewa bado. Mimi mwenyewe bado. Lakini tumeanza."

Mama aligeuka. "Mwanangu, lete Biblia. Nisomee ile ya mchungaji."

Kasuku aliileta, lakini hakuifungua. Zaburi hiyo hakuwa ameigusa tangu hospitalini. "Mama, naweza nikakosea."

"Ukikosea, rudi. Mimi nitakuwa hapa."

Akaifungua. Angeweza kuisema akiwa amefumba macho, lakini alifuata maneno kwa kidole, moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza. Mama aliweka mguu kwenye kikanyagio, na cherehani ikajongea, mshono mmoja, miwili, kwenye mkono wa shati lisilokuwa na mwenyewe. Kasuku alipofika pale pa meza sauti ilikatika. Aliyaona maneno, lakini hayakutoka. Alisubiri kengele.

Haikulia. Ilisikika cherehani tu, na mkono wa bibi ukipapasa ndani ya gunia. Kasuku alifuta macho kwa mkono wa sare yake, akarudi mwanzo wa mstari, akausoma wote.